Kichujio Kikali Kupita Kiasi Hakikulindi: Kwa Nini Barua Pepe Yako Haifai Kumezwa Kimya Kimya

Mteja akiomba taarifa ya miamala yake kupitia programu yetu, mambo mawili hutokea ndani ya dakika chache. Meseji inaingia kwenye simu ikiwa na nambari ya kufungulia faili. Faili lenyewe, la PDF, linatumwa kwenye barua pepe aliyosajili. Meseji hufika. Barua pepe nayo hufika kwa wengi. Lakini kuna wateja wanaotupigia simu mara kwa mara wakiuliza swali moja: "Ufunguo nimeupata, sasa mlango uko wapi?"

Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta hadithi ileile. Barua iliondoka kwetu. Seva ya kampuni ya intaneti anayotumia mteja ikaipokea na kutujibu kwamba imeipata. Halafu ikatoweka. Haiko kwenye kikasha, haiko kwenye folda ya barua taka, na hakuna aliyeambiwa chochote. Kichujio cha kampuni ile kimeimeza.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hatupingi vichujio. Tunachopinga ni kichujio kinachochukua barua ya mteja, kinaitupa, kisha kinanyamaza. Hebu fikiria mtu wa posta anayeangalia bahasha yako, haipendi, anaitupa mtaroni, halafu anaendelea na safari kana kwamba ameifikisha. Ungemkubali? Basi hata kwenye barua pepe usikubali.

Kichujio kipo kwa sababu nzuri

Barua taka hazikuanza jana. Mei 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa akifanya kazi ya mauzo katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu takriban 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Wengi walikasirika, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Leo barua taka si matangazo tu. Kuna zinazojifanya benki, zinazojifanya ofisi ya kodi, na zinazojifanya sisi. Zinakuja na kiungo cha kubonyeza na hadithi ya zawadi au ya akaunti inayokaribia kufungwa. Bila kichujio, kikasha chako kingejaa kabla hujamaliza chai ya asubuhi, na barua moja kati ya hizo ingeweza kukumalizia akiba yote. Kwa hivyo ukisikia mtu akikuambia "zima kichujio chote, kinakusumbua bure", usimsikilize.

Vichujio vingi hufanya kazi kwa kutoa alama. Barua imetoka kwenye seva gani? Je, seva hiyo iko kwenye orodha za watuma taka, kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa 1998? Mtumaji amethibitishwa kwamba ndiye kweli? Ndani kuna maneno gani? Kuna viungo? Kuna faili lililoambatishwa, na ni la aina gani? Alama zikipita kiwango fulani, barua inawekwa kando.

Sasa sikiliza hapa: kiwango hicho huwekwa na mtu. Kampuni ya intaneti ndiyo inayoamua kiwe cha juu au cha chini, na ndiyo inayoamua barua iliyokipita ipelekwe wapi. Ukiambiwa "ni mfumo tu", kumbuka kwamba mfumo hufanya ulichoagizwa ufanye.

Kwa nini barua za pesa hunaswa kwanza

Kuna sababu nne, na kuzijua kutakusaidia ukienda kulalamika.

Ya kwanza ni kufuli. Faili la taarifa ya miamala tunalifunga kwa nambari ya siri ili mtu mwingine akiliona asijue umelipa nani na kiasi gani. Lakini programu inayokagua virusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa. Matapeli wanalijua hilo, na wengine hufunga faili zao makusudi ili uchafu upite. Kichujio cha wastani kikiona faili la namna hiyo huangalia mambo mengine: limetoka kwa nani, na huyo nani amethibitishwa? Kichujio kikali kupita kiasi hakijisumbui. Kimefungwa, basi ni kibaya. Kitu tulichoweka kulinda siri yako kinageuka kuwa hatia yako.

Ya pili ni maneno. Malipo, akaunti, salio, thibitisha, nambari ya siri. Hayo ni maneno yetu ya kila siku, na ndiyo maneno ya tapeli, kwa sababu tapeli anatuiga. Kichujio kinachohukumu kwa maneno peke yake hakiwezi kutofautisha anayeiga na anayeigwa.

Ya tatu ni majirani. Biashara ndogo nyingi hutumia seva za bei nafuu ambazo tovuti nyingi zinashiriki anwani moja. Mmoja akituma taka, anwani ile inaingia kwenye orodha nyeusi na wote wanazuiwa pamoja. Ni kama mpangaji mmoja kwenye ploti kukosa kulipa maji, halafu mita ya ploti nzima inakatwa. Fundi wa Eldoret anayetuma ankara kwa mteja wake hajui kwamba jirani asiyemjua ndiye aliyemfungia njia.

Ya nne ni kuelekeza barua. Watu wengi wana anwani ya zamani waliyopewa na kampuni ya intaneti ya nyumbani au ofisini, na wameiagiza ipeleke barua kwenye anwani mpya, au kinyume chake. Barua ikipitishwa hivyo, seva inayoileta mwisho si ile ya mtumaji wa kwanza. Kichujio kinaona jina la mtumaji na seva visivyolingana, na kinashuku utapeli ambao haupo.

Haya yameshatokea mahali pengine

Ukali wa kupita kiasi si shida ya Kenya peke yake, na si mpya. 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walizuiwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Kompyuta iliona tusi, haikuona mji. Baadaye, dawa ya Cialis ilipoanza kutangazwa ovyo kwa barua taka, vichujio vilivyotafuta herufi hizo vikawa vinakamata hata neno la Kiingereza linalomaanisha daktari bingwa, "specialist", kwa kuwa jina la dawa limejificha katikati yake. Kwa kichujio cha namna hiyo, mgonjwa anayesubiri barua ya daktari wake ni sawa na mtu aliyeletewa tangazo la dawa.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Verizon, Marekani. Kuanzia Desemba 2004, wateja wake wa intaneti waligundua kwamba barua halali kutoka Ulaya haziwafikii. Kampuni ilikuwa imezuia anwani nyingi za huko kwa pamoja ili kupambana na taka. Watu walikosa barua za jamaa na za biashara. Wateja walienda mahakamani kwa kesi ya pamoja, na mnamo 2006 yakafikiwa maelewano ya kuwalipa fidia.

Kesi ile ina funzo kwetu sote. Kuzuia nchi au eneo zima ni njia rahisi ya kupunguza taka, lakini anayeumia ni mteja uliyemuahidi huduma. Na mteja akikaa kimya, hali inabaki vilevile.

Kosa kubwa ni ukimya

Seva ikishuku barua ina njia tatu. Inaweza kuikataa mlangoni, na mtumaji akarudishiwa ujumbe wenye nambari kama 550 na sababu. Inaweza kuipokea na kuiweka kwenye folda ya barua taka, ambapo mwenyewe ataiona akitafuta. Au inaweza kuipokea, ikasema asante, kisha ikaitupa.

Njia mbili za kwanza zina makosa yake, lakini mtu anaweza kuyarekebisha. Ya tatu haimwachi yeyote na la kufanya. Mtumaji anajua barua imefika. Mpokeaji anajua haikutumwa. Wote wawili wanalaumiana, na kila mmoja ana uhakika na anachosema.

Hata kanuni za kiufundi za barua pepe haziungi mkono tabia hii. Waraka wa RFC 5321 wa 2008, ambao seva za barua pepe kote duniani huufuata, unasema seva ikikubali barua imebeba jukumu la kuifikisha au kutoa taarifa kwamba imeshindwa. Waraka huohuo unakiri kwamba kutupa barua kimya kimya hufanyika, lakini unashauri kufanywe tu pale ambapo kuna uhakika mkubwa sana kwamba barua ni ya ulaghai mzito au haifai. Taarifa ya miamala aliyoiomba mteja mwenyewe dakika mbili zilizopita haiko kwenye kundi hilo.

Nani hubeba hasara

Chukua mfano wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Thika. Anaomba mkopo kwenye chama cha akiba, na afisa anataka taarifa ya miamala ya miezi sita kabla ya Ijumaa. Anaiomba Jumatano. Haifiki. Anaiomba tena Alhamisi. Haifiki. Ijumaa kamati inakaa bila karatasi zake, na mwezi mzima unapita kabla haijakaa tena. Saruji haingojei kamati.

Au chukua kijana anayewasilisha ritani ya kodi siku za mwisho kabla ya tarehe 30 Juni, ambaye anategemea barua pepe kupata uthibitisho au kubadilisha nenosiri alilosahau. Au mzazi anayesubiri barua ya shule kuhusu nafasi ya mtoto. Hawa wote wako upande wa pili wa kichujio, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kuna kichujio.

Halafu kuna hasara inayotuhusu sisi moja kwa moja, na ndiyo inayotufanya tuandike haya. Mtu ambaye barua haijamfikia huwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi ni windo rahisi. Anaandika malalamiko yake hadharani kwenye mitandao ya kijamii: "Nimeomba taarifa mara tatu sijapata." Saa moja baadaye anapigiwa simu na sauti tamu: "Habari, mpendwa mteja, tumeona shida yako, tutakutumia sasa hivi, tuthibitishie tu PIN yako." Kwa kuwa kweli ana shida, na mpigaji anaijua shida hiyo, anaamini. Kichujio kilichowekwa kumkinga na matapeli wa barua pepe kimemkabidhi kwa matapeli wa simu.

Kwa hivyo tunarudia, na tutarudia kila siku: sisi hatuulizi PIN. Barua ikichelewa, taarifa ikipotea, hata seva zote za dunia zikizimika, hatuulizi PIN. Nambari ya kufungulia faili la PDF pia ni yako peke yako. Usimtajie mtu kwa simu.

Wanaotetea ukali wana hoja gani?

Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema: wateja wetu wengi hawajui kutofautisha barua ya kweli na ya uongo, kwa hivyo afadhali barua kumi halali zipotee kuliko moja ya tapeli ipite. Wanasema pia folda ya barua taka ni hatari, kwa sababu mtu akiifungua anaweza kubonyeza kitu kibaya.

Tunawaelewa, kwa sababu sisi pia tunalinda pesa za watu na tunajua utapeli unavyouma. Lakini hesabu yao ina kasoro. Kwanza, gharama ya barua kumi zilizopotea haibebwi na kampuni ya intaneti. Inabebwa na mteja, na yeye hakuulizwa. Pili, mteja anayekosa barua zake muhimu hakai na kichujio hicho kwa furaha. Anahamia anwani nyingine, au anaomba kichujio kizimwe kabisa, na sasa hana ulinzi wowote. Ukali wa kupita kiasi humfukuza mtu kwenye ulinzi wenyewe.

Tatu, hatari inaweza kupunguzwa bila kutupa barua. Seva inaweza kuzima viungo ndani ya barua inayoshukiwa, au kuiweka karantini na kumtumia mteja orodha fupi kila siku: barua hizi tumezizuia, zimetoka kwa hawa, ukitaka tuiachilie moja bonyeza hapa. Mambo haya si ndoto. Mifumo mingi ya barua za ofisi inayafanya tayari. Kinachokosekana ni kampuni kuamua kwamba mteja wa nyumbani naye anastahili.

Sisi hukutana na uamuzi kama huo kila siku. Muamala ukionekana si wa kawaida, mtu anaweza kusema tuuzuie tu na tunyamaze. Lakini pesa ni za mteja. Akizuiwa lazima aambiwe, na lazima awe na mahali pa kuuliza. Barua pepe yake ni mali yake vilevile.

Tunachotaka kampuni za intaneti zifanye

Hatuombi makubwa. Tunaomba mambo manne.

1. Barua isitupwe kimya. Ikataliwe mlangoni kwa sababu inayosomeka, au iwekwe mahali mteja anaweza kuiona.
2. Mteja awe na kitufe chake. Aweze kupunguza ukali, na aweze kuweka orodha ya watumaji anaowaamini, ambayo kichujio kitaiheshimu pale mtumaji anapokuwa amethibitishwa.
3. Faili lililofungwa kutoka kwa mtumaji aliyethibitishwa lisihukumiwe kwa kufuli lake peke yake.
4. Dawati la huduma lijue kufuatilia barua. Mteja akitoa tarehe, saa na anwani ya mtumaji, aambiwe barua ilipokelewa au la, na ilienda wapi. Jibu la "jaribu tena baadaye" si ufuatiliaji.

Watumaji nasi tuna wajibu

Haki ikitajwa, wajibu nao utajwe. Anayetuma barua kwa watu wengi lazima ajitambulishe kwa njia ambayo mashine inaweza kuhakikisha. Kuna mipangilio mitatu inayofanya hivyo: SPF inaorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inatia barua sahihi ya kidijitali, DMARC inaeleza mpokeaji afanye nini ikiwa hizo mbili hazilingani. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza kamba: anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail lazima awe na zote tatu, aweke njia rahisi ya kujiondoa kwenye matangazo, na ahakikishe malalamiko ya taka hayafiki asilimia 0.3.

Huo ndio ukali tunaoupenda. Masharti yametangazwa hadharani, ukiyatimiza unajua, na ukishindwa unaambiwa. Ukilinganisha na kichujio kinachohukumu gizani, tofauti ni kama ya mahakama na genge la mtaani.

Kama una biashara ndogo inayotuma ankara kwa barua pepe, mwulize anayekutunzia tovuti kama mipangilio hii mitatu imewekwa. Mara nyingi ni kazi ya muda mfupi. Usiruhusu mtu akutumie matangazo kwa watu ambao hawakuomba, kwa sababu jina litakalochafuka ni lako. Na ikiwa biashara yako inatuma barua za matangazo na za ankara, zitenganishe: matangazo yatoke anwani moja, ankara anwani nyingine.

Wewe ufanye nini barua isipofika

Fuata mpangilio huu, polepole.

Anza kwa kuhakikisha anwani uliyosajili kwetu. Fungua programu yetu, nenda kwenye wasifu wako, na usome herufi moja moja. Herufi moja ikikosewa, barua inaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Angalia folda ya barua taka, ile ambayo kwenye simu nyingi imeandikwa Spam au Junk. Usikawie: kwenye Gmail, barua iliyo humo hufutwa yenyewe baada ya siku 30. Ukiiona barua yetu, hakikisha anwani ya mtumaji ni ile iliyotajwa ndani ya programu yetu, kisha weka alama kwamba si taka. Ukiweka alama hiyo unakifunza kichujio.

Kama unasoma barua kwa programu ya simu, ingia pia kwenye tovuti ya kampuni yako ya intaneti ya kusomea barua. Folda nyingine huonekana huko peke yake, na huenda ndiko karantini iliko. Huko pia utafute sehemu ya mipangilio ya kichujio na uongeze anwani yetu kwenye orodha ya unaowaamini.

Bado hakuna kitu? Wasiliana na kampuni yako ya intaneti kwa maandishi, usipige simu tu. Waambie: niliomba barua tarehe fulani, saa fulani, kutoka anwani hii kwenda anwani yangu hii, naomba mtazame kumbukumbu za seva mniambie ilipokelewa au ilikataliwa, na kama ilipokelewa ilipelekwa wapi. Ukituuliza, tutakupa saa kamili ambayo barua iliondoka kwetu na jibu ambalo seva yao ilitupa. Ambatisha hilo. Ni vigumu mtu kukuambia "hatukuipata" ukiwa na jibu lao mkononi. Omba nambari ya malalamiko na uitunze.

Wasipokujibu, una mahali pa kwenda. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, za 2010, zinataka watoa huduma wawe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Ukiwa umeshalalamika kwao bila mafanikio, peleka jambo lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa na ile nambari na barua zako.

Wakati unasubiri, usikwame. Sajili kwetu anwani nyingine ya barua pepe unayoiamini, au pakua taarifa moja kwa moja ndani ya programu. Kama karatasi inahitajika leo, tembelea duka letu lililo karibu ukiwa na kitambulisho. Usimpe mtu anwani yake akupokelee, hata kama ni wakala rafiki. Orodha ya miamala yako inasema mengi kuhusu maisha yako.

Neno letu kwa kampuni za intaneti

Wateja wenu ndio wateja wetu. Wanalipia intaneti kila mwezi, wengi kwa pesa wanazozituma kupitia sisi. Wamewakabidhi kisanduku chao cha barua wakiamini mtakilinda. Kilindeni. Zuieni taka, zuieni viungo vya uongo, zuieni wanaotuiga. Lakini mnapozuia, semeni. Mwenye barua ndiye anayejua kama aliisubiri, na hawezi kuwaambia kama hajui mliizuia.

Na wewe mteja wetu, usizoee barua kupotea kama vile stima inavyopotea mtaani na watu wanawasha tu mshumaa. Uliza ilienda wapi, na uliza kwa maandishi.